Soraleni: Dawa Isiyofanya Kazi Gizani

Mheshimiwa Mwenyekiti, madaktari na wauguzi, wafamasia, wanafunzi wetu, mabibi na mabwana,

Nashukuru kwa kupewa nafasi hii. Niliombwa kuzungumzia dawa zitokanazo na mimea, na badala ya kupita juu juu kwenye nyingi, nimechagua moja. Dawa hiyo ni soraleni, kemikali inayopatikana katika mbegu, majani, maganda na utomvu wa mimea kadhaa, ambayo ikikaa gizani haifanyi karibu lolote katika ngozi. Mtu anaweza kumeza kidonge chake, kikaingia kwenye damu, kikafika kwenye ngozi, kisha mabaki yake yakatoka kwa njia ya mkojo, na ngozi isibadilike hata kidogo, iwapo muda wote huo haikuguswa na mwanga unaohusika. Lakini mtu huyohuyo, akiwa amemeza kipimo kilekile, akikaa juani kwa muda ambao jana yake usingemdhuru, anaweza kuungua hadi ngozi ikafura malengelenge. Hoja yangu ni kwamba nusu ya dawa hii iko kwenye mmea na nusu yake iko kwenye mwanga, na kwamba madhara mengi tunayoyaona yametokana na watu kuipima nusu moja na kuiacha nyingine ijipime yenyewe.

Soraleni ni molekuli mama ya kundi kubwa linaloitwa furokumarini. Ina pete tatu zilizoungana, nayo ni bapa kama kigae, na ubapa huo ndio unaoiwezesha kupenya mahali ambapo molekuli nyingi haziwezi kuingia, yaani katikati ya vidato vya ile ngazi iliyosokotwa tunayoiita DNA. Ikiwa hakuna mwanga, molekuli hiyo huingia na kutoka bila kuacha alama. Mwanga wa urujuanimno wa aina ya A, sehemu ya mwanga wa jua isiyoonekana kwa macho, ambao urefu wa mawimbi yake ni kati ya nanomita 320 na 400, unapoifikia ikiwa imekaa humo ndani, molekuli hupata nguvu ya kujifunga kwenye kijenzi cha DNA kiitwacho thaimini. Mwanga ukiipiga mara ya pili, upande wake wa pili nao hujifunga kwenye thaimini ya uzi wa pili, na nyuzi mbili ambazo zilipaswa kuachana kila seli inapotaka kugawanyika zinakuwa zimeshonwa pamoja. Seli ambayo DNA yake imeshonwa hivyo haiwezi kuzaliana mpaka ikarabatiwe, na ikishindwa kukarabatiwa hufa.

Ningependa tulitazame kwa makini jambo moja linalotokana na utaratibu huo, kwa sababu limewaumiza wagonjwa wengi. Uharibifu wa DNA hutokea papo hapo, lakini dalili zake hazitokei papo hapo. Mtu aliyeunguzwa na jua la kawaida huanza kuhisi joto la ngozi siku ileile, ilhali aliyeunguzwa na soraleni pamoja na mwanga huweza kulala salama, akaamka salama, na wekundu ukaanza kujitokeza baada ya saa 24 au zaidi, ukafikia kilele chake kati ya siku ya pili na ya nne. Kwa hiyo ngozi haimwonyi mtu wakati bado ana nafasi ya kuondoka juani. Kwenye ngozi nyeusi wekundu wenyewe huenda usionekane vizuri, na muuguzi anayesubiri kuuona anaweza kukosea. Aulize kuhusu maumivu, mwasho na joto, na aishike ngozi kwa mkono wake.

Mmea wenyewe haukuitengeneza kemikali hii kwa ajili yetu. Huitengeneza kujilinda na wadudu na kuvu, na nikiri kwamba kila nikiifikiria mbinu hii hunishangaza, kwa sababu mmea unatumia jua, ambalo unalihitaji kwa chakula chake, kuwa silaha dhidi ya yule anayeula. Mwanasayansi wa wadudu May Berenbaum, aliyefanya kazi kwa miaka mingi nchini Marekani, alionyesha jinsi wadudu nao walivyojibu. Wako viwavi wanaokunja jani na kulishona kwa hariri, kisha wakala wakiwa ndani ya kivuli walichojitengenezea. Wako pia viwavi wa baadhi ya vipepeo ambao utumbo wao una vimeng'enya vinavyoivunja soraleni haraka kabla haijaenea mwilini, hivyo hula mchana kweupe bila kudhurika. Seleri inaposhambuliwa na kuvu huongeza kiasi cha furokumarini mara nyingi zaidi ya kile cha seleri yenye afya, na ndiyo maana wavunaji wanaoshika mashina yaliyougua wamekuwa wakipata majeraha mikononi ambayo kwa muda mrefu hayakueleweka. Mwaka 1938 Hans Kuske alieleza kwamba furokumarini ndizo zilizokuwa zikisababisha ngozi kuungua baada ya kuguswa na mimea na kupigwa na jua.

Lakini watu waligundua upande wa tiba karne nyingi kabla ya kujua jina la kemikali hiyo. Nchini India mbegu za mmea ambao wataalamu wa mimea waliuita Psoralea corylifolia, na ambao ndio ulioipatia soraleni jina lake, zilitumiwa tangu zamani sana kutibu mbalanga, yaani mabaka meupe yanayotokea pale ngozi inapopoteza rangi yake. Katika bonde la Nile na Afrika ya Kaskazini mmea uliotumika ulikuwa Ammi majus. Ibn al-Baytar, tabibu na mtaalamu wa mimea aliyezaliwa Andalusia na kufariki Damascus mwaka 1248, aliandika kuhusu mbegu zake, ambazo Waberiberi waliziita aatrilal na kuzitumia kwa ugonjwa huohuo. Jambo linalonigusa katika maelezo hayo ni kwamba hayakuishia kwenye kumeza mbegu. Mgonjwa aliagizwa kuweka sehemu zenye mabaka kwenye jua kali, na mtibabu alijua kwamba malengelenge yangetokea pale penye weupe. Watu hao hawakuwa na neno urujuanimno, lakini walikwisha kufahamu kwamba mbegu bila jua haiponyi.

Ujuzi huo ulifika maabara katika miaka ya 1940 jijini Cairo. Wakemia wa Misri walitenga kutoka kwenye mbegu za Ammi majus fuwele safi za aina kadhaa, mojawapo ikiwa ile tunayoiita leo methoksaleni, ambayo ni aina ya soraleni, na daktari wa ngozi Abdel Monem El Mofty akazijaribu kwa wagonjwa wa mbalanga na kuandika matokeo yake mwaka 1948. Naomba wanafunzi walikumbuke jina hilo, kwa sababu historia ya tiba hii husimuliwa mara nyingi kana kwamba ilianzia Boston, Marekani. Hatua iliyofuata ndiyo iliyotokea Boston, nayo ilikuwa kubwa. Mwaka 1974 John Parrish, Thomas Fitzpatrick na wenzao walichapisha kazi iliyoonyesha kwamba methoksaleni ya kumeza, ikifuatwa na mwanga kutoka kwenye taa zenye nguvu za urujuanimno A, huondoa magamba ya ugonjwa wa ngozi uitwao soriasisi. Tiba hiyo ikaitwa PUVA, herufi ya kwanza ikisimamia soraleni na zile tatu zikisimamia mwanga.

Kilichobadilika Boston hakikuwa kemikali, kwani ilikwisha kupatikana Misri. Kilichobadilika ni taa. Jua hubadilika kwa saa, kwa wingu, kwa majira na kwa mahali, na hakuna daktari anayeweza kuandika kwenye cheti kiasi cha jua na akawa na hakika kwamba mgonjwa atapata kiasi hicho. Taa hupimwa. Inajulikana ni jouli ngapi, yaani vipimo vingapi vya nishati, zinaifikia kila sentimita mraba ya ngozi kwa dakika moja, na mlango wa kabati la tiba hufunguliwa kiasi hicho kikitimia. Tangu hapo nusu ya pili ya dawa ilianza kuwa na kipimo, na ndipo madaktari walipoweza kulinganisha mgonjwa na mgonjwa na hospitali na hospitali.

Tiba yenyewe huenda hivi. Mgonjwa humeza methoksaleni, kwa kawaida takriban miligramu 0.6 kwa kila kilo ya uzito wake kwa kidonge cha aina ya zamani, kisha husubiri saa mbili hivi ili dawa ifike kwenye ngozi. Husimama ndani ya kabati lenye taa akiwa amevaa miwani maalumu ya kuzuia mwanga, na mwanaume hufunikwa sehemu za siri, kwa sababu ambayo nitaieleza. Mara ya kwanza kiasi cha mwanga huwa kidogo sana, huongezwa hatua kwa hatua, na vipindi hufanyika mara mbili au tatu kwa wiki bila kufuatana siku kwa siku, ili wekundu wa kipindi kilichopita upate nafasi ya kujitokeza kabla mgonjwa hajaongezewa mwanga mwingine.

Katika soriasisi seli za ngozi hukua na kupanda juu kwa siku chache badala ya takriban mwezi mmoja, na DNA iliyoshonwa huzipunguza kasi. Hapo maelezo ni rahisi. Katika mbalanga jambo ni gumu zaidi. Seli zinazotengeneza rangi zimekwisha kutoweka kwenye baka, hivyo lazima zitoke mahali pengine, na hifadhi yake kuu ni mashina ya vinyweleo. Ndiyo maana rangi hairudi kama wingu linalotanda, bali hurudi kama nukta ndogo nyeusi kuzunguka kila kinyweleo, kisha nukta hizo hupanuka na kukutana. Uso na shingo huitikia vizuri. Ncha za vidole na midomo, ambako hakuna vinyweleo, huitikia vibaya, na baka ambalo nywele zake zenyewe zimegeuka nyeupe huwa na hifadhi ndogo sana. Mgonjwa anastahili kuambiwa haya kabla hajaanza, kwa kuwa tiba huchukua miezi mingi na huenda ikapita mwaka. Mtu mwenye mbalanga haji kwetu kwa sababu ngozi inamuuma, anakuja kwa sababu ya namna watu wanavyomtazama, na kumwacha ahesabu vipindi akisubiri rangi ambayo haitarudi kwenye vidole vyake ni ukatili, hata kama haukukusudiwa.

Sasa niseme kuhusu gharama ya mwilini. Kichefuchefu ni cha kawaida, nacho hupungua mtu akila kidogo wakati wa kumeza dawa. Macho yako hatarini zaidi, kwa sababu dawa hufika kwenye lenzi ya jicho na mwanga ukiikuta huko unaweza kuifunga kwenye protini za lenzi, jambo linalohofiwa kuleta mtoto wa jicho. Kwa hiyo miwani ya kuzuia urujuanimno huvaliwa tangu kumeza kidonge na kuendelea kwa saa 24, wala si ndani ya kabati tu. Naomba wauguzi walitilie mkazo jambo lifuatalo, kwa kuwa mgonjwa hawezi kulibuni mwenyewe: kioo cha kawaida cha dirisha huzuia urujuanimno B lakini hupitisha sehemu kubwa ya urujuanimno A, kwa hiyo mtu anayeketi karibu na dirisha, au anayesafiri mchana ndani ya gari, bado anaendelea kupokea nusu ya pili ya dawa.

Hatari iliyo nzito kuliko zote ni saratani ya ngozi. Kuanzia mwaka 1975 watafiti nchini Marekani waliandikisha wagonjwa 1,380 wa soriasisi waliotibiwa kwa PUVA na wakawafuatilia kwa miongo kadhaa, na matokeo yalikuwa wazi: kadiri idadi ya vipindi ilivyoongezeka, ndivyo saratani ya seli bapa za ngozi ilivyoongezeka, na sehemu za siri za wanaume zilionekana kuathirika kwa namna ya pekee. Kazi ile ilifanya jambo ambalo dawa nyingi hazifanyiwi, yaani kuendelea kuwauliza wagonjwa hali zao muda mrefu baada ya furaha ya kupona kuisha. Wapo waliosema kwamba basi PUVA itupwe, nami sikubaliani nao. Ilichofundisha ni kuhesabu vipindi vya maisha yote ya mgonjwa na kuweka kikomo. Ni kweli pia kwamba kwa wagonjwa wengi, hasa watoto na wajawazito, mahali pake pamechukuliwa na taa za urujuanimno B wa mkanda mwembamba, karibu nanomita 311, ambazo hazihitaji kidonge chochote, na mimi naona hilo ni sawa. PUVA imebaki kwa magamba manene na kwa baadhi ya magonjwa yaliyoshindikana.

Katika miaka ya 1980 soraleni ilipata kazi nyingine ambayo wale waliotumia mbegu zake zamani wasingeweza kuiwazia, kwani safari hii mwanga haukupelekwa kwenye ngozi bali damu ilipelekwa kwenye mwanga. Richard Edelson na wenzake walikuwa wakiwatibu wagonjwa wa aina ya limfoma ambayo seli nyeupe za damu zenye saratani huvamia ngozi. Walitoa damu, wakatenga seli nyeupe, wakahakikisha zina methoksaleni, wakazipitisha mbele ya taa za urujuanimno A, kisha wakamrudishia mgonjwa. Mwaka 1987 waliripoti kwamba kati ya wagonjwa 37 ambao ugonjwa wao ulikuwa umekataa tiba nyingine, 27 waliitikia, na mwaka uliofuata tiba hiyo, iitwayo fotoferesisi, iliidhinishwa nchini Marekani. Cha ajabu ni kwamba kila mara seli zinazopitishwa kwenye mwanga ni sehemu ndogo tu ya seli zote za aina hiyo mwilini, hivyo nafuu haiwezi kuelezwa kwa kuhesabu seli zilizokufa. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba seli zilizojeruhiwa, zikirudi, huifundisha kinga ya mwili kuwatambua wenzao wagonjwa na pia huituliza pale inapokuwa imevuka mipaka. Leo tiba hiyo hutumika vilevile kwa watu waliopandikizwa uboho, pale seli za mtoaji zinapoushambulia mwili wa mpokeaji.

Matumizi ya tatu ni katika benki za damu. Chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, kwa kawaida huhifadhiwa katika joto la kawaida la chumba, na joto hilo ndilo ambalo bakteria hulipenda. Chembe hizo hazina kiini, hivyo hazina ile DNA ya kiini ambayo soraleni huishona, ilhali bakteria, virusi vingi, vimelea vya malaria na seli nyeupe za mtoaji zote hutegemea DNA au RNA ili kuzaliana. Amotosaleni, soraleni iliyotengenezwa maabara, huongezwa kwenye mfuko wa chembe sahani, mfuko ukamulikwa kwa urujuanimno A, na mabaki ya kemikali yakaondolewa. Njia hii ilianza kutumika Ulaya na ikaidhinishwa Marekani mwaka 2014. Haiui kila kitu: mbegu sugu za baadhi ya bakteria na virusi visivyo na utando wa nje, kama kile cha homa ya ini aina ya A, huweza kuihimili. Hata hivyo kemikali ya kundi lilelile linalomdhuru kiwavi juani ndiyo inayomlinda mgonjwa anayepokea chembe sahani za mtu asiyemjua.

Nimalizie kwa wale wanaojitibu wenyewe, ambao nawaonea huruma zaidi kuliko kuwalaumu. Mtu anasikia kwamba mmea fulani hurudisha rangi ya ngozi, anasaga mbegu au anakamua utomvu, anajipaka, anakaa juani. Kiasi cha soraleni ndani ya mbegu hubadilika kutoka mmea hadi mmea, na jua halimpi kipimo, kwa hiyo nusu zote mbili za dawa hazijulikani. Akiungua, hasara si kidonda peke yake, kwani katika mbalanga ngozi iliyojeruhiwa inaweza kupoteza rangi upya, na baka alilotaka kulipunguza likapanuka kufuata umbo la kidonda. Wako pia watu wasiopaswa kukaribia tiba hii hata hospitalini: wenye ualbino, ambao ngozi yao haina kinga ya melanini, wenye lupasi, na wenye magonjwa mengine yanayochochewa na mwanga. Hao hatuwaambii wajaribu kidogo.

Na kuna wanaoungua bila kujua kwamba wamegusa dawa yoyote. Aliyekamua ndimu nyingi kwa mikono mitupu kisha akakaa juani, aliyejipaka shingoni manukato yenye mafuta ya begamoti, tunda la jamii ya machungwa, aliyefyeka majani yenye utomvu wa aina hii, wote hawa huweza kufika kwetu siku mbili baadaye wakiwa na michirizi ya malengelenge, ambayo ikipona huacha weusi unaodumu kwa wiki au miezi. Kwa mtoto mdogo, ambaye mzazi mwenye maji ya ndimu mikononi alimbeba na kutoka naye nje, alama hizo huweza kuwa na umbo la vidole vya mtu mzima, na imewahi kutokea zaidi ya mara moja mzazi akashukiwa kumpiga au kumchoma mwanawe. Ninyi mtakaokaa kwenye chumba cha kupokea wagonjwa, mkiona alama ya namna hiyo, ulizeni pia kwa sauti ya upole mzazi alikuwa ameshika nini siku mbili zilizopita, na je, baadaye alimtoa mtoto juani?

Ahsanteni kwa kunisikiliza.